Kibao cha Kuingilia Mtaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Kamati za Mitaa ya Arusha na Moshi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenyeviti, kamati na vyama vya wakazi wanaokusudia kuweka kibao cha jina la mtaa pale barabara ya mtaa inapoanzia, iwe ni Njiro, Sakina, Moshono au Muriet kwa upande wa Arusha, au Soweto, Pasua, Rau na Shanty Town kwa upande wa Moshi. Lengo ni kuwasaidia kuchagua kibao kitakachoendelea kusomeka na kusimama wima miaka mingi baada ya siku ya uzinduzi.

Ni nyenzo ipi inayodumu kuliko zote?

Ukuta mfupi wa mawe au zege uliobeba bamba la graniti lenye herufi zilizochongwa ndio unaodumu zaidi, kwa sababu graniti haishiki kutu, haipauki kwa jua, haina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hata rangi ya herufi ikiisha jina bado husomeka kutokana na kivuli cha mchongo.

Hata hivyo swali hili, ambalo karibu kila kamati huanza nalo, hulifunika jingine lililo kubwa zaidi. Vibao vingi vinavyoanguka havikuharibikia usoni. Vimeoza miguuni, vimelegea kwenye boliti, au vimeingiwa na maji kupitia tundu ambalo fundi hakuliziba. Kamati inayoweka sehemu kubwa ya fedha zake kwenye msingi, nguzo na viungo, kisha ikachagua uso wa kawaida, itakaa na kibao chake muda mrefu kuliko ile iliyonunua uso wa gharama na kuusimamisha juu ya mabomba mawili mepesi. Ningependa kila kamati ilikubali jambo hili kabla ya kuanza kutazama michoro na rangi.

Tunapolinganisha jiwe, chuma, alumini na mbao, tuangalie nini?

Kwa jiwe, angalieni kwanza kama linanyonya maji. Mawe ya volkano yanayotumika kwenye misingi ya nyumba zetu ni imara na yanafaa sana kwa ukuta wa kibao, lakini yale yenye matundu mengi hushika unyevu na kuota ukungu, hasa sehemu za juu zenye baridi kama Ilboru na Sekei, kwa hiyo herufi zisichorwe moja kwa moja juu yake. Zichongwe kwenye bamba la graniti linaloshikizwa ukutani kwa pini za chuma cha pua pamoja na gundi. Katika Moshi na vijiji vya mlimani, mafundi wanaochonga mawe ya makaburi wana ujuzi na mashine zinazohitajika kwa kazi hii, na si lazima kuagiza bamba kutoka mbali. Epukeni kubandika marumaru za sakafuni kwenye ukuta wa nje: jua la mchana na baridi ya usiku huzifanya zitanuke na kusinyaa tofauti na ripu iliyo nyuma yake, mwisho zinabanduka moja baada ya nyingine.

Chuma cha kawaida ni rahisi kupatikana na kila fundi wa kuchomelea anakijua, lakini kinadumu kwa kadiri ya maandalizi yake tu. Chuma kilichopakwa zinki kinavumilia zaidi, kwa sababu zinki huliwa kwanza na kukilinda chuma hata pale kilipokwaruzwa. Tatizo huanza kwenye kuchomelea, kwa kuwa moto huichoma zinki yote iliyo jirani na kiungo, na mahali hapo pakiachwa hivyo ndipo kutu itakapotokea kwanza. Mwambieni fundi asugue kila kiungo kwa brashi ya waya na kukipaka rangi yenye zinki kabla ya rangi ya mwisho, na mwakilishi wa kamati awepo kuona kazi hiyo ikifanyika, kwa sababu ikishafunikwa na rangi ya mwisho hakuna wa kujua kama ilifanyika.

Alumini ni chaguo zuri kwa uso wa kibao kilicho juu ya nguzo. Bamba zito la milimita 3 ndilo bora. Bodi ya tabaka tatu, ambayo mafundi wengi huiita alukobondi, nayo inafaa, ila ulizeni unene wa tabaka la alumini lenyewe: zile za nje za kuaminika huwa na nusu milimita kila upande, ilhali za bei ya chini huwa na chini ya hapo sana na hujikunja au kubonyea kwa pigo dogo. Alumini hutanuka kwa joto, na bamba la urefu wa mita 2 hurefuka kwa zaidi ya milimita 1 kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua kali. Matundu ya boliti yawe marefu kidogo kuelekea pembeni ili bamba lipate pa kusogea, na boliti ziwe za chuma cha pua zenye washa za plastiki, kwa kuwa alumini ikigusana na chuma cha kawaida kwenye maji ya mvua huliwa haraka.

Mbao hupendeza, na mninga au msaji uliokauka vizuri huvumilia nje kwa miaka mingi ukipakwa mafuta kila mwaka. Mbao laini za misonobari kutoka mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro lazima zitiwe dawa kwa shinikizo kiwandani, kama zinavyotiwa nguzo za umeme. Kuipaka dawa kwa brashi hakutoshi. Mbao yoyote isigusane na udongo, maana mchwa hawahitaji zaidi ya hapo.

Plastiki nyepesi zinazokatwa herufi kwa ajili ya maduka hazifai. Ndani ya miaka michache huwa za njano na kupasuka kama maganda ya yai.

Je, bango la turubai lililochapishwa halitoshi kwa kuanzia?

Linatosha kwa sherehe au kwa miezi ambayo kamati inakusanya michango. Baada ya mwaka mmoja au miwili litakuwa limepauka na kuchanika pembeni.

Kwa nini vibao vyetu hupauka haraka namna hii?

Tuko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na Arusha ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayovunja rangi na plastiki, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa sababu hiyo, miaka inayotajwa kwenye makaratasi ya stika au rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi ipunguzwe mnapopanga bajeti.

Rangi nazo hazilingani. Nyekundu inayong'aa na njano ya kawaida ndizo hupauka kwanza, na mara nyingi utakuta kibao ambacho herufi nyeusi bado zipo ilhali maneno mekundu yametoweka kabisa. Nyeusi, nyeupe, kahawia na nyekundu ya udongo hutengenezwa kwa madini yanayostahimili jua, na kwa bahati njema rangi hizo hizo ndizo zinazokaa vizuri na mandhari yetu.

Mwelekeo pia una uzito wake. Katika eneo letu uso unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua zaidi kwa mwaka kuliko unaotazama kaskazini au kusini. Barabara haichagui, lakini pale mnapokuwa na nafasi ya kuamua kibao kigeuzwe upande gani, kumbukeni hilo.

Mkitumia stika, ombeni ile ya kudumu inayotumika kwenye magari, na herufi zikatwe kutoka kwenye stika yenye rangi yake. Wino uliochapishwa juu ya stika nyeupe hupauka mapema hata ukifunikwa kwa utando wa kinga.

Herufi ziwe na ukubwa gani?

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mgeni anahitaji sekunde tatu au nne kuona kibao, kukisoma na kuamua kukata kona. Hiyo ni mita 40 hadi 55 kabla ya kona, na kwa umbali huo herufi za sentimita 15 ndizo zinazosomeka bila kukaza macho. Kwa barabara ya ndani ya vumbi ambako bodaboda na bajaji hupita taratibu, sentimita 10 zinatosha.

Tumieni herufi zilizonyooka zisizo na mapambo, jina lianze kwa herufi kubwa na kuendelea kwa ndogo, na tofauti kati ya rangi ya herufi na ya nyuma iwe kali. Herufi za dhahabu juu ya graniti ya kahawia hupendeza ukiwa umesimama mbele yake, lakini kutoka barabarani hazionekani kabisa.

Msingi na nguzo vijengwe namna gani?

Hapa ndipo kamati inapopaswa kutumia muda wake mwingi. Chukulia bamba la mita 2 kwa mita 1.2. Upepo wa kilomita 90 kwa saa hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 110, na nguvu hiyo haiji mara moja na kuisha, bali husukuma na kuachia usiku kucha wakati wa dhoruba. Nguzo zisizo imara hazivunjiki siku hiyo. Hulegea kidogo kidogo kwenye zege mpaka siku moja kibao kinaonekana kimeinama kuelekea mtaroni.

Kwa kibao cha ukubwa huo, shimo la kila nguzo liwe na kina cha sentimita 90 na upana wa sentimita 45 au zaidi. Zege lichanganywe kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, na limwagiwe maji kwa siku saba kabla ya kubebeshwa mzigo. Mafundi wengi hupenda kusimamisha kibao siku ile ile na kukiegemeza kwa mbao. Msikubali.

Tembeeni mjini mkaangalie nguzo yoyote ya zamani ya skwea paipu pale inapoingia ardhini. Mtakuta pete ya kutu yenye kimo cha vidole viwili au vitatu juu tu ya udongo, na ukigonga hapo kwa jiwe sauti hubadilika kwa sababu chuma kimebaki chembamba kama karatasi, wakati mita moja juu yake rangi bado inang'aa. Maji yanayosimama, udongo unaorushwa na matone ya mvua, pamoja na majani yanayoota kuzunguka nguzo, yote hufanya kazi yake hapo hapo.

Kinga yake ni rahisi. Zege lipande juu ya ardhi kwa sentimita 15 na sehemu yake ya juu iteremke kuelekea nje ili maji yasisimame. Juu yake nguzo ikae kwenye bamba la chuma linaloshikwa na boliti nne zilizozamishwa ndani ya zege pamoja na nondo. Kwa mpangilio huu chuma hakigusi udongo kabisa, na siku ambayo lori la mchanga litarudi nyuma na kuikunja nguzo, mtafungua boliti na kubadilisha nguzo moja bila kuvunja msingi. Juu ya kila bomba kichomelewe kifuniko, na chini yake liachwe tundu dogo la kutolea unyevu.

Kwa ukuta wa mawe au tofali, utaratibu ni ule ule wa kuyakimbiza maji. Ukuta uvishwe kofia ya zege inayotokeza sentimita 5 kila upande, yenye mfereji mdogo chini ya ukingo wake ili matone yaanguke bila kutambaa usoni. Ripu mpya iachwe wiki nne kabla ya kupakwa rangi ya mafuta, la sivyo chokaa iliyomo kwenye saruji huila rangi kwa ndani na kuifanya ivimbe mapovu.

Eneo letu lina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Tufanye nini?

Udongo wa mfinyanzi mweusi, ambao hupatikana katika baadhi ya maeneo ya tambarare, huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na huweza kuuinua ukuta mwepesi na kuupasua katikati. Chimbeni mpaka mpite kina cha nyufa mnazoziona wakati wa ukame, toeni udongo huo, jazeni moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, ndipo mmwage zege. Kwa eneo la namna hiyo kibao cha nguzo mbili huvumilia kuliko ukuta mrefu, kwa kuwa nguzo zikisogea kidogo hakuna kinachopasuka.

Tufanyeje kuhusu wezi wa vyuma chakavu?

Hili ni tatizo la kweli, na linapaswa kuingia kwenye uchaguzi wa nyenzo tangu mwanzo. Herufi za shaba au alumini zilizochomekwa ukutani ndizo hutoweka kwanza, na mtaa hubaki na jina lenye mapengo. Jiwe lililochongwa na herufi zilizotengenezwa kwa zege lenyewe havina soko popote. Mkitumia chuma au alumini, nati zikishakazwa ncha za boliti za chuma zikatwe na kuchomelewa kisha zipakwe rangi yenye zinki, au tumieni nati zinazokatika kichwa zinapokazwa. Nyuma ya bamba jina la mtaa liandikwe kwa herufi kubwa kwa kuchimbwa, maana bamba lenye jina la mtaa kwa kuchimbwa ni gumu kuuzika. Kinga iliyo bora kupita hizo ni mahali: kibao kilicho karibu na duka linalochelewa kufungwa usiku, kijiwe cha bodaboda au geti lenye mlinzi hakiguswi kirahisi.

Je, tunahitaji kibali?

Ndiyo, na utaratibu wake uanze kabla fundi hajalipwa. Anzeni kwenye mkutano wa mtaa ili uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, kisha mtendaji wa mtaa aupeleke kata na halmashauri, yaani Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Baada ya hapo tambueni barabara ni ya nani. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, lakini kibao kinachokaa kwenye makutano na barabara kuu, kama ile ya Arusha kwenda Moshi au ya kwenda Namanga, kinaingia kwenye eneo la TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Ukuta wa mawe uliojengwa ndani ya hifadhi bila ruhusa huweza kuwekewa alama ya X ya kubomolewa, na michango ya wakazi ikapotea kwa siku moja.

Hata mkipewa ruhusa, kibao kisimzibie dereva anayetoka mtaani asione magari yanayokuja. Kisimame nyuma ya mstari anaotazamia magari anapofika kwenye kona, na umbo lake lisifanane na alama za usalama barabarani.

Tunataka upinde unaovuka barabara. Mnashauri?

Kwa mitaa mingi, hapana. Lazima uache nafasi ya angalau mita 5 kwa malori na gari la zimamoto, unahitaji mhandisi, na gari moja lenye mzigo mrefu linaweza kuuangusha juu ya watu.

Tuandike nini kwenye kibao?

Jina la mtaa kwanza na kwa ukubwa kuliko maneno mengine, kisha kata na halmashauri kwa herufi ndogo. Tahajia ifanane na ile iliyosajiliwa kwenye mfumo wa anwani za makazi uliosimikwa nchi nzima mwaka 2022 kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti. Kibao kikiandika jina kwa namna moja na ramani ya simu kwa namna nyingine, mgeni na dereva wa gari la wagonjwa watadhani ni mitaa miwili.

Msiandike jina wala namba ya simu ya mwenyekiti kwenye sehemu ya kudumu. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, wa karibuni ukiwa wa tarehe 27 Novemba 2024, na kibao kizuri kinapaswa kupita vipindi vitatu au zaidi. Namba za dharura na za ofisi ziwekwe kwenye bamba dogo linalofunguliwa kwa boliti mbili. Matangazo ya wafadhili nayo yakae huko, kwa muda uliokubaliwa, kwa kuwa mtaa ni wa wakazi wote na jina lake lisibebwe chini ya jina la duka.

Vipi kuhusu usiku?

Njia isiyo na usumbufu ni herufi zinazoakisi taa za magari. Utando wa kawaida wa aina hiyo hudumu takriban miaka saba na ule wenye nguvu zaidi takriban kumi, bila nyaya wala betri. Taa ya sola huwafaa waendao kwa miguu, lakini betri yake itahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache, kwa hiyo itengewe fedha. Paneli yake ilazwe karibu na usawa, ikielekea kaskazini kwa nyuzi 10 hadi 15, kiasi cha kuiruhusu mvua isafishe vumbi.

Tukubaliane nini na fundi?

Ombeni makadirio kwa mafundi watatu kwa kutumia maelezo yale yale ya maandishi: unene wa bomba na bamba kwa milimita, aina ya chuma, idadi ya makoti ya rangi, kina cha msingi, aina ya boliti. Bila maelezo hayo mtakuwa mnalinganisha vitu vitatu tofauti, na aliye nafuu zaidi atakuwa ameshinda kwa kupunguza kitu msichokiona. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka masika moja ipite. Fundi anayejiamini hukubali sharti hilo.

Matunzo yanahitaji kazi gani?

Ni kazi ya asubuhi moja, mara mbili kwa mwaka: mwezi Juni baada ya masika, na tena kabla ya mvua za vuli. Osheni uso kwa maji, sabuni laini na kitambaa. Msitumie tina wala brashi ya chuma. Ukungu kwenye jiwe usuguliwe kwa brashi ya nailoni na maji yenye klorini kidogo. Kazeni boliti, fyekeni majani yanayogusa nguzo, punguzeni mchongoma na bogenvilia zinazoanza kuziba herufi. Kwa mitaa yenye miti ya jakaranda, ondoeni maua yanayorundikana juu ya kofia ya ukuta mwezi Oktoba na Novemba, kwa sababu yakioza hushika maji. Mkiona doa la kutu, lisuguliwe na kupakwa wiki hiyo hiyo.

Katika ofisi ya mtaa liwekwe faili moja lenye mchoro wa kibao, unene wa kila kipande, namba ya rangi kama ilivyo kwenye kopo, nakala ya kibali na jina la fundi, ili kamati itakayofuata iweze kukikarabati bila kuanza kubahatisha.